Herufi Mbili za Théodore

Théodore Kilufya hakuomba cheo. Hilo liwekwe wazi mapema, maana watu wa Likasi hawakunyimwa midomo, na baadaye walikuja kusema kwamba alikinyemelea kama paka anayenyemelea samaki wa ziwa Tshangalele sokoni. Uongo mtupu. Siku aliyopewa alikuwa na homa, amejifunika shuka mabegani, na alichotaka ni mkutano uishe arudi kitandani.

Mkutano wenyewe ulifanyika mwaka 1976, chini ya ngazi za jumba la Les Acacias, jumba la ghorofa mbili lenye nyumba kumi na mbili ndani yake. Mgiriki aliyelijenga alikuwa ameondoka miaka miwili nyuma, wakati mali za wageni zilipogawiwa wananchi. Mwananchi aliyegawiwa jumba alilikamua mpaka likakauka, kisha akawauzia wapangaji nyumba walimokuwa wakikaa, moja moja, akapanda ndege kwenda Kinshasa. Ndipo akaja bwana mmoja wa sheria na mkoba wake kuwaeleza wenye nyumba wapya jambo ambalo hawakuwa wamelifikiria. Kila mtu ana nyumba yake nyuma ya mlango wake, alisema, lakini paa halikatwi vipande kumi na viwili. Wala ngazi, wala kuta za nje, wala tangi la maji, wala zile baraza ndefu za nyuma wanakoanika nguo. Hivyo ni vya wote, na cha wote lazima kiwe na mtu wa kukiangalia. Sheria inataka kamati ya watu watatu. Mmoja akauliza mshahara wa kamati ni kiasi gani. Bwana wa sheria akajibu kwamba ni kazi ya kujitolea, na hapo kila mtu akaanza kutazama viatu vyake.

Aliyesema wa kwanza ni Barthélemy, jirani wa mlango kwa mlango wa Théodore, mfanyakazi wa mgodini, hodari sana wa kuwatafutia wenzake kazi. Alisema kwamba katika jumba zima hakuna mwenye mwandiko mzuri kama Théodore, na mtu mwenye mwandiko wa namna ile ana kichwa cha kuongoza. Wengine wakapiga makofi upesi kabla mgonjwa hajapata la kusema. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakiona cha hariri. Albertine, mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa ghorofa ya kwanza, akawa katibu. Barthélemy mwenyewe hakuponyoka, wakamtia awe wa tatu.

Tangu siku hiyo Théodore akaitwa Responsable. Neno hili litazamwe vizuri, kwa sababu ndilo lililomla. Katika Kiswahili cha Likasi, responsable ni mkubwa. Ni yule anayeletewa kiti penye matanga, anayefunguliwa chupa ya kwanza, ambaye watoto wakimwona wanaacha kupiga mpira ukutani. Katika Kifaransa cha mahakama neno hilohilo lina meno: ni yule atakayeulizwa. Neno moja, watu wawili, na kati ya hao wawili kuna gereza la Buluo. Lakini nani alikuwa akiyajua hayo chini ya zile ngazi? Émilienne, mke wa Théodore, naye akaanza kuitwa Mama Responsable, na hakukataa.

Bwana wa sheria alitoa karatasi zenye ibara thelathini na moja, Kifaransa kitupu, akamtaka Théodore aandike kwa mkono wake, juu ya sahihi, maneno lu et approuvé, yaani nimesoma na nimekubali. Kukubali, alikubali. Kusoma, alisoma ibara moja tu, ile iliyoangukia macho yake, iliyosema kwamba kamati itaviangalia vitu vya wote en bon père de famille, kama baba mzuri wa familia. Maneno hayo yalimpendeza mno. Alikuwa na watoto watano, hakuwahi kuwalaza njaa, na hakunywa pombe mpaka akasahau njia ya kurudi. Aliona sheria imemchora yeye. Akaandika yale maneno matatu kwa mwandiko wake wa mapambo, akatia sahihi yake ya tangu shule: Th. Kilufya.

Ili kumwelewa Théodore ni lazima kuliona dirisha lake. Miaka kumi na tisa alikuwa magasinier, mtunza ghala la kiwanda, na hakuna hata parafujo moja iliyopita katika dirisha lake la nondo bila bon, ile karatasi ndogo yenye sahihi ya mkuu na muhuri. Mafundi walimbembeleza, walimtukana, walimwita mchawi wa makaratasi. Yeye alinyoosha mkono tu, akangoja karatasi. Wakubwa walimsifu kwa hilo, na sifa hiyo ilimwingia mwilini. Kichwani mwake, kitu kisichoandikwa kilikuwa hakijatokea, na kitu kilichokwisha kuandikwa kilikuwa nusu ya kutengenezwa.

Na ili kuielewa hofu yake ni lazima kumjua Émilienne. Ugonjwa wa sukari ulimshika baada ya mtoto wa tano. Kila asubuhi alikwenda hospitali ya kampuni na kitabu cha mfanyakazi cha Théodore, akachomwa sindano, akarudi kupika. Dawa ile haikuuzwa dukani, si Likasi wala Lubumbashi. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, mwenye ugonjwa huohuo, alifiwa na mume aliyekuwa na kitabu, na kabla ya miezi miwili kwisha akamfuata mumewe kaburini. Théodore alibeba jeneza lile. Tangu hapo hakuchelewa kazini hata siku moja, hakumjibu mkubwa yeyote, na kitabu alikifunga katika mfuko wa plastiki kisije kikalowa mvua.

Basi, mwezi wa kumi na moja mwaka 1978, Albertine alimkuta kwenye ngazi. Alimwambia kwamba kwenye kikao cha Jumapili, Théodore akiwa kwenye hesabu ya ghala na Barthélemy hakuja, wakaaji walimlalamikia kuhusu baraza ya nyuma ya ghorofa ya pili. Ile rampe, kizuizi cha chuma cha kuzuia watu wasianguke, inacheza. Théodore akapanda kuitazama. Aliisukuma kwa kiganja, nayo ikaenda nje kidogo, ikarudi. Nati zilizoishika kwenye zege zilikuwa zimeliwa na kutu, nyingine zimebaki unga mwekundu. Waswahili walikwisha kusema juu ya ufa na ukuta, hakuna haja ya kuwarudia. Théodore aliufahamu ufa ule vizuri kuliko mtu yeyote. Alishuka, akaketi mezani, akafanya alichojua kufanya: akaandika barua.

Ilikuwa barua nzuri. Aliieleza rampe, nati na zege, akaiomba ofisi moja ya mjini inayoshughulikia majengo itume fundi aje kuona, maana aliamini kwamba jumba la watu haliguswi bila ruhusa ya wakubwa. Akaipeleka mwenyewe. Karani aliisoma mpaka chini, muhuri tayari mkononi, kisha muhuri ukabaki hewani.

“Citoyen, hii Th njo nini?”

“Njo jina yangu.”

“Jina ya ku karte?”

Kwenye karte, kitambulisho chake, aliitwa Kilufya Mwape, kama serikali ilivyotaka tangu ilipofuta majina ya ubatizo.

“Hapa Zaïre hakuna tena ba-Th,” karani akasema, wala hakupaza sauti. “Rudia ku nyumba, andika mupya. Sahihi ya muntu wa hapa. Njo nitapiga cachet.”

Akairudisha barua juu ya meza. Nyuma ya Théodore watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na kicheko kile kilimchoma kuliko maneno ya karani. Mama yake alizika watoto wawili kabla ya kumzaa yeye, huko Kapolowe, na padri wa misioni alipomwambia kwamba Théodore maana yake ni zawadi ya Mungu, alilishika jina lile kwa mikono miwili. Kazini Théodore aliitika Kilufya Mwape bila ubishi. Alivaa abakosti, koti la serikali lisilovaliwa na tai, kama wenzake, na tai aliitupa. Mkono wake tu ndio haukutii, kila uliposhika kalamu ulianza na zile herufi mbili. Na sasa kijana wa kuzaliwa juzi anamwambia azifute.

Alikusudia kuandika upya Jumatatu. Jumatatu alikuwa na hesabu. Jumatano alichukua karatasi, akafika kwenye sahihi, hasira ikampanda, akaiacha. Ukweli ni huu, na hauna sukari: mtu mzima wa miaka arobaini na nne alinuna. Alimnunia karani, na muda wote aliokuwa akinuna, kutu haikununa, iliendelea kula. Albertine alimwuliza mara ya pili, na mara ya tatu, habari ya rampe. Théodore alimjibu kwamba barua ilikwenda. Ilikwenda kweli. Hakusema kwamba ilirudi na kwamba ilikuwa imelala ndani ya kopo la biskuti juu ya kabati.

Siku moja ya Januari, Marceline alimsimamisha uani. Marceline alikuwa mjane wa ghorofa ya pili, mwuza mikate ya kukaanga, mwanamke wa kicheko kikubwa aliyefulia nusu ya jumba. Alimwuliza Responsable kama aanike nguo zake kwingine, maana chuma kile kinamtisha.

“Anika tu, mama,” Théodore akamwambia. “Ila usiegemee. Barua iko ku bureau.”

Marceline akamshukuru. Kama Responsable amesema, basi.

Alianguka Jumamosi ya pili ya Februari, kabla ya saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, na wanawake walikuwa wakikimbilia kuanika. Théodore alikuwa uani akinyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo. Alisikia chuma kikilia, akainua macho, akamwona Marceline ameshika shuka lililolowa, rampe imekwisha kutangulia. Hakupiga kelele. Shuka lilichelewa kidogo kufika chini kuliko yeye. Théodore alimfikia wa kwanza, povu la sabuni bado shavuni, akapiga magoti katika matope akiita jina lake, na Marceline akamtazama kwa mshangao, kama mtu anayetaka kuuliza swali akakosa pumzi ya kuuliza. Alikufa kesho yake.

Matanga yalikaa siku tano. Mama yake Marceline alikuja kutoka Kapolowe, bibi mfupi mkavu, na kwa kuwa desturi ni desturi, Responsable aliletewa kiti. Alikikalia. Wengine walidhani analia kama jirani mwema. Alikuwa akilia kwa sababu alitaka mtu mmoja, yeyote, amnyang'anye kile kiti.

Karatasi ya kuitwa mahakamani ilimfikia mwezi wa tatu. Watatu wote wa kamati walitajwa, lakini jina lake lilikuwa juu. Shitaka lilikuwa kuua bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Alitafuta mtetezi, akampata Georges, mtu wa makamo mwenye chumba kimoja nyuma ya kituo cha treni na sifa ya kutokula rushwa mara mbili kwa kesi moja. Théodore alifika kwake na kopo la biskuti chini ya kwapa, uso umetulia kwa mara ya kwanza tangu Februari. Aliitoa ile barua, akaiweka mezani. Alikuwa nayo karatasi. Aliandika, kwa hiyo alifanya.

Georges aliisoma mara mbili. “Cachet iko wapi?”

Théodore akamweleza habari ya karani na zile herufi.

“Na ile siku ulirudia ku nyumba, ulifanya nini?”

“Nilingojea.”

“Papa,” Georges akasema polepole, “juu ya kupigilia mbao mbili ku mulango ya ile baraza, hukukuwa na lazima ya cachet ya muntu.”

Mbao mbili. Mbao zilikuwepo uani, chini ya tangi, tangu Mgiriki. Misumari alikuwa nayo ndani. Miezi mitatu alipita pale kila siku, na haikumjia kwamba hatari inaweza kuzuiwa na mkono kabla ya kuzuiwa na karatasi.

Georges alimweleza mengine bila kumpaka mafuta. Mahakama haiulizi kama ulilipwa, inauliza kama ulikubali, na kukubali kwake kupo, kwa mwandiko wa mapambo. Kisha inauliza kama ulijua. Kisha inauliza kama ulifanya lile ambalo baba mzuri wa familia angelifanya. Théodore akaruka kwamba yeye ni baba mzuri, waulizwe watoto wake. Georges alimtazama kwa huruma. Maneno yale, alisema, hayahusu watoto wako. Yanahusu mtu anayeona ubao umeoza akauondoa kabla jua halijatua, awe anayepita ni mtoto wake au wa jirani. Akaendelea. Barua hii ina pande mbili. Upande mmoja unasema ulijaribu, upande wa pili unasema ulijua tangu mwezi wa kumi na moja. Bila barua, nani atathibitisha kwamba ulijua? Kifungo kinaweza kufika miaka miwili, na mtu akiingia Buluo kiwanda kinalikata jina lake siku ileile. Alipofika hapo akaisukuma barua kwa ncha ya kidole, akasema yeye hajaiona.

Théodore alirudi nyumbani alasiri. Émilienne alikuwa barazani akichemsha maharagwe juu ya mbabula, lile jiko la makaa. Alimweleza yote, hata kuhusu kitabu. Émilienne aliichukua barua, akaisoma taratibu mpaka sahihi ya mwisho. Aliinua sufuria kutoka kwenye makaa, akaishika mkononi, akangoja. Théodore akaitia barua motoni, na wote wawili wakaitazama mpaka ikawa nyeusi. Kisha Émilienne akarudisha sufuria mahali pake, maana watoto walikuwa na njaa.

Kesi ilisikilizwa tarehe kumi na tisa Juni, wakati wa baridi, chumba kimejaa wakaaji wa Les Acacias katika makoti yao. Barthélemy alianza. Alijitia hamnazo barabara: alikuwa zamu mgodini, vikao havikumfikia, ya rampe aliyasikia penye matanga. Daftari la kamati lilimwonyesha hayupo, naye akaruhusiwa kukaa. Akaitwa Théodore. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno lake wiki nzima, na lilitoka vizuri. Hakujua. Hakuna aliyemwambia. Hata Georges alipumua.

Ndipo jaji akalifungua tena daftari. Lilikuwa la Albertine, limeandikwa kwa herufi za mwalimu, kubwa na wazi. Katika kikao cha mwezi wa kumi na moja palisomeka kwamba rampe ya ghorofa ya pili inacheza, na kwamba katibu atamwambia président, yaani Responsable, ambaye hakuwepo. Jaji akalishusha daftari. Akamweleza Albertine, bila ukali, kwamba hapa panaonyesha mtu mmoja tu wa kamati aliyejua. Mtu huyo ni yeye. Wajibu wa kusema ulikuwa wake. Kama hakusema, basi mama yule alianguka kwa sababu ya ukimya wake.

Albertine alijibu kwamba alisema, mara tatu, kwenye ngazi. Akaulizwa shahidi wake. Akasema ngazi hazina mashahidi.

Théodore alikuwa hajalifikiria hili. Katika wiki zote za kuhesabu na kupima, alidhani uongo wake ungeanguka pembeni, mahali pasipo na mtu. Sasa aliona ulikoangukia. Albertine alikuwa na miaka thelathini na minne, na watoto thelathini na wanane darasani waliokuwa wakimngoja. Hakuchukua senti kwa kamati ile, na daftari alilinunua mwenyewe.

Jaji akamgeukia. “Citoyen Kilufya, kwa mara ya mwisho. Huyu mama alikuambia, ao hakukuambia?”

Théodore alimtazama Émilienne kwenye benchi la tatu. Alikuwa amekunja sweta mpaka kiwikoni na kidole chake kilikuwa juu ya mahali alipochomwa asubuhi ile. Akageuka kumtazama Albertine. Angemwona analia, au anamlaani, labda angeweza. Lakini Albertine hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi ambaye anajua kabisa kwamba jibu analo. Haikumpitia akilini kwamba Responsable angesema vingine.

“Aliniambia,” Théodore akasema. “Mara tatu, vile amesema. Na Marceline naye aliniuliza, nikamwambia anika tu.”

Kwenye benchi la mbele bibi wa Kapolowe aliinua kichwa. Alimtazama Théodore moja kwa moja.

Jaji alimwuliza alifanya nini baada ya kuambiwa. Alijibu kwamba aliandika barua. Iko wapi? Ilirudishwa. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya jina lake. Watu walicheka tena, kama siku ile kwenye foleni, na jaji akagonga meza. Na baada ya kurudishwa ilikwenda wapi? Théodore akasema aliichoma mwenyewe, mwezi wa tatu, kwenye mbabula. Émilienne alisimama bila kuitwa, akasema kwamba ni kweli, aliiona ikiungua. Jaji alimwambia akae. Neno la mke halimsaidii mume, na barua isiyokuwepo haisomwi.

Georges alifunga faili lake. Akainama sikioni mwa mteja wake na kumwambia jambo ambalo lingekuwa afadhali abaki nalo: mtu anayekiri, mwenye barua mkononi ya kuonyesha alipiga hata hatua moja, angemwombea kifungo cha nje, arudi zake nyumbani na kazini. Sasa hana cha kuombea. Hakukosea. Jaji alisema kwamba mbele yake yuko mtu aliyejua, asiyefanya lolote linaloweza kuonekana, kisha akadanganya mpaka mwenzake akakaribia kufungwa. Miezi kumi na minne, Buluo. Albertine akaachiliwa.

Polisi wawili waliompokea hawakuwa watu wabaya. Walimwacha dakika chache kwenye ukumbi, karibu na dirisha, wakisubiri gari lipashe moto. Barthélemy alishuka ngazi bila kugeuka. Albertine alisimama mbali kidogo, mikono imeshika daftari kifuani, hajui kama inafaa kusogea au kuondoka. Émilienne alikuja mpaka kwa mumewe, akampangusa vumbi begani, vumbi ambalo halikuwepo.

Théodore alitaka kuomba msamaha. Badala yake akauliza kitabu kitarudishwa kiwandani lini. Émilienne alikuwa amekwisha kuuliza watu wa kiwanda kabla ya kesi, kama mtu anayejua mvua itanyesha. Jina linakatwa leo, lakini kitabu kinatumika hospitali mpaka mwisho wa mwezi, tarehe thelathini. Théodore, mtu wa hesabu, akaanza kuhesabu siku za sindano kwa vidole, midomo ikicheza. Alirudia mara ya pili.

“Kumi na mbili,” akasema. “Iko siku kumi na mbili.”

“Kumi na moja,” Émilienne akamwambia. “Ya leo banamaliza kunichoma asubui.”

Akaishusha mikono ya sweta lake, akafunga vifungo. Nje dereva alipiga honi, na polisi mmoja akamgusa Théodore kiwiko, akamwambia twende.